Risasi Nilizomchagulia Mjomba

Ufunguo wa ghala la silaha la halmashauri yetu nilipewa nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Wenzangu walijua kufuata nyayo juu ya mwamba, walijua kumnusa nyati kabla upepo haujageuka, lakini mimi ndiye niliyeufaulu mtihani wa wawindaji kwa alama ambazo bonde lote la Dande lilikuwa halijapata kuziona. Nilijua uzito wa kila kichwa cha risasi na kasi yake. Nilijua fuvu la tembo lina unene gani na ubongo wake umejificha wapi. Nilijua, na nilitaka watu wote wajue kwamba najua.

Ghala lilikuwa chumba cha matofali nyuma ya ofisi, paa la bati, mlango wa chuma. Ndani mlikuwa na bunduki za doria na bunduki mbili kubwa, zinazoitwa kwa kipimo cha tundu la mtutu wake, 375 na 458. Kwa tembo tulitumia hizo mbili tu. Sheria yetu haimruhusu mtu kumwendea na kitu kidogo kuliko 375.

Ile 458 ilikuwa kama kiungo cha mwili wa mjomba wangu, Zvidzai Kapesa, kaka yake mama. Alikuwa ameibeba miaka thelathini na mmoja, na kitako chake kilikuwa kimeng'aa pale shavu lake lilipozoea kulala. Mjomba ni wa ukoo wa Tembo. Kwetu mtu wa ukoo huo huitwa Samanyanga, mwenye pembe, na nyama ya tembo haiweki mdomoni. Aliwaua tembo waharibifu zaidi ya arobaini na hakuonja hata mmoja. Kabla ya kufyatua alinong'ona, "Niwie radhi, ndugu yangu," kisha akafyatua, na ndugu yake akaanguka.

Katikati ya mwezi wa Machi, mahindi yakiwa yamekomaa, dume moja la tembo lenye pembe iliyokatika lilimkanyaga mwanamke shambani kwake kando ya mto Manyame. Mkuu wetu, Bwana Chigwada, akatutuma sisi wawili. Asubuhi ile mjomba alikuja ghalani akiwa amefunga kamba za viatu vizuri, kofia mkononi.

"Nipe zangu," alisema.

"Zako zipi?"

"Zile za boksi lililochanika. Usijifanye huzijui, nyani wewe."

Ukoo wa baba yangu ni wa Nyani, na mjomba hakuniacha niusahau.

Nilikuwa na aina mbili za risasi za 458. Zile za boksi lililochanika zilikuwa saba, za miaka kumi na miwili, ngumu. Risasi ngumu imevikwa chuma na shaba hadi puani. Ikigonga mfupa haipindi wala haifunguki, inapita. Za pili zilikuwa ishirini, mpya, ganda lake linang'aa, zimeachwa na wawindaji wa kitalii waliokuja kwa nyati. Hizo zilikuwa laini. Risasi laini ikigonga mwili pua yake inachanua kama uyoga, inararua mapafu vibaya sana, lakini haiendi mbali.

"Zile nimezifuta daftarini, mjomba. Zimezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Utanifuta lini?"

"Sikutanii. Risasi za 458 baruti yake imeshindiliwa. Ikikaa miaka kwenye joto kama la humu inagandamana, haiungui yote. Kichwa kinatoka kimechoka. Nimesoma."

"Umesoma." Akaliangalia bati juu yetu kana kwamba ndilo lililoandika hicho kitabu. "Na hizi za nyati, umesoma kwamba tembo amekuwa nyati?"

"Hizi zina nguvu zake zote. Utampiga ubavuni, nyuma ya bega. Huko hakuna fuvu, kuna moyo na mapafu. Hatafika hatua mia."

"Na akinijia uso kwa uso nimwombe ageuke?"

"Tutauweka upepo vizuri. Hatatujia."

"Haya, sikiliza. Tuchukue moja ya zile saba, tuipige kwenye lile gogo gumu la mti wa mopane hapo nje. Ikiingia vizuri, nazibeba. Ikiingia nusu, umeshinda, nitabeba hata mbegu za boga ukinipa."

Risasi moja tu ingenitoa ujinga. Lakini juma lililopita nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, kwamba risasi saba za 458 hazifai tena. Nikiipiga moja na ikaingia vizuri, ingekuwa mzee ambaye hajasoma darasa la tano amenisahihisha mbele ya askari wenzetu wa wanyamapori waliokuwa wakinoa mapanga pale nje.

"Hapana," nilisema. "Zikishafutwa zimefutwa."

Akaitazama 375 begani kwangu. "Wewe umeweka zipi?"

"Ngumu. Za 375 hakuna laini."

"Basi tubadilishane bunduki."

"Utaiweza hii? Hujaishika miaka kumi."

Alinyoosha mkono, akaigusa, kisha akaurudisha mkono kwenye 458 yake kama mtu aliyerudi nyumbani. "Hapana. Mke wa mtu simjui usiku anapendaje kulala." Akacheka peke yake. "Lete hizo za kwako. Mama yako alikosea. Angenipa wewe uchunge mbuzi, shuleni akawapeleka mbuzi."

Alizipokea tano, akazipanga kwenye mkanda. Hakuninunia. Kwetu mpwa ana ruhusa ya kumkera mjomba wake, na mjomba hana budi kuvumilia, na mimi ruhusa hiyo niliitumia yote.

Tulifuata nyayo kwa saa mbili. Dume lilikuwa limepita kwenye mahindi, likavuka mchanga wa mto, likaingia kwenye vichaka vya miiba ambako mtu anaona hatua ishirini tu mbele yake. Mjomba alitangulia. Mara kwa mara alipukuta majivu kutoka kwenye soksi kuukuu aliyoibeba, akatazama yanakokwenda. Upepo ulikuwa unatujia usoni. Nilifurahi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda nilivyosema.

Tulilikuta limesimama chini ya mti, limetugeuzia ubavu, masikio yakipepea taratibu. Mjomba aliinua bunduki. Nikaiona midomo yake ikimwomba radhi. Kisha shingo yangu ikahisi ubaridi kwa nyuma, upepo umegeuka, na mkonga ule ukainuka.

Halikupiga kelele. Tembo anayepiga kelele mara nyingi anatisha tu. Huyu alikunja mkonga kifuani, akashusha kichwa, akaja.

Mjomba hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimpiga paji la uso akiwa hatua kumi na mbili, na vumbi nililiona likiruka mahali ambapo mimi mwenyewe ningechora duara kwa chaki kama ningekuwa nafundisha. Kichwa kilitikisika. Magoti yalilegea kidogo. Tembo aliyepigwa ubongo anaanguka kwa miguu ya nyuma, papo hapo, kama gunia. Huyu hakuanguka. Mjomba akampiga tena, na vumbi likaruka kwenye upana wa kiganja kutoka pale pa kwanza. Kisha sikumwona tena mjomba, kwa sababu tembo alikuwa mahali alipokuwa yeye.

Nilikimbia pembeni kukwepa mti, nikampiga nyuma ya bega, nikampiga tena. Akaenda hatua nane, akaegemea vichaka, akalala.

Mjomba alikuwa hai. Kuanzia kifuani kwenda chini sitasema alikuwaje. Nilimwinua kichwa, nikakiweka pajani kwangu.

"Nilimpata?" aliuliza.

"Ulimpata, mjomba."

"Pale penyewe?"

"Pale penyewe. Mara mbili."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja niseme neno jingine, na mimi nadhani nilikuwa nalitafuta, lakini alikufa kabla sijalipata.

Kukata kichwa cha tembo ili pembe itolewe ni kazi ya askari. Wenzangu walipokuja na gari walimbeba mjomba, nami nikabaki na shoka. Watu wa kijijini walikuwa wakichukua nyama upande wa nyuma, wanazungumza kwa sauti ndogo. Nilichimba paji lile. Fuvu la tembo ndani si mfupa mtupu, ni kama sega la nyuki, vyumba vidogo vidogo, unene wa zaidi ya mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Nilizikuta zote mbili humo. Zilikuwa zimechanua, zimebanduka, zimesimama. Ya kwanza ilikuwa imebakiza kama upana wa vidole vinne kuufikia ubongo, kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. Risasi ngumu, hata iliyochoka, ingefika.

Nilizifunga kiganjani. Nilipofika mtoni kunawa damu nilizitupa kwenye maji yenye kina, moja baada ya nyingine.

Bwana Chigwada aliniita ofisini jioni ile. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa amelia.

"Kurauone, mwanangu, ilikuwaje?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili. Nilisema, "Alikosa. Mkono ulimtetemeka."

"Nilijua," alisema, akajipiga paji la uso. "Miaka sitini na tatu. Nilijua nilipaswa kumstaafisha mwaka jana. Kosa langu." Akaandika. Juu ya risasi hakuniuliza lolote, na karatasi yake haikuwa na mahali pa kuuliza.

Neno likatoka. Kufikia siku ya pili ya msiba vijiji vyote vya kando ya mto vilijua kwamba Samanyanga alitetemeka. Wengine waliongeza kwamba hakutetemeka kwa uzee, ila ndugu zake tembo walikuwa wamemchoka. Mtu hawezi kuua ukoo wake miaka thelathini akaachiwa. Wakasema alipoinua bunduki aliona uso wa baba yake. Nilikaa kwenye moto wa wanaume, nikasikia yote. Mkaza mjomba, mama yake Nyarai, alikuwa kwa wanawake ndani ya nyumba. Mara moja tu nilimsikia, wakati jirani mmoja akimpa pole ya mumewe aliyezeeka vibaya. Alijibu polepole: "Juzi alfajiri alikunywa chai kikombe kimejaa mpaka juu. Hakumwaga tone."

Jirani akasema, "Mungu ndiye ajuaye," na mazungumzo yakahamia kwenye kuni.

Asubuhi ya maziko alikuja Mafuratidze.

Kila ukoo kwetu una mtani wake, na mtani wa akina Kapesa ndiye huyo, mzee mwembamba mwenye meno mawili na mdomo usio na breki. Mtani ndiye mwenye msiba. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anamsema aibu zake zote, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Anayemkatiza anatozwa kuku. Na anachoigiza siku ile ndicho watu wanachobaki nacho. Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa, lakini najua alivyokuwa akikoroma, kwa sababu mtani wake alikoroma kaburini kwake na bonde zima likamwiga.

Mafuratidze alitoka nyumbani amevaa koti la kazi la mjomba, mikono ya koti ikimfunika vidole, na mchi wa kutwangia begani. Watu mia tatu walikuwa wamekaa uani kulizunguka jeneza.

"Samanyanga anakwenda kazini," alisema kwa sauti ya mjomba, ile ya puani, na wanawake wakaanza kucheka na kulia pamoja. "Mama Nyarai, soksi yangu ya majivu iko wapi? Umeifua tena? Mwanamke gani anafua upepo wangu?"

Hata mkaza mjomba alicheka, mkono mdomoni.

"Tembo, ndugu yangu, niwie radhi! Mahindi haya ungeyala, ila mkuu wangu ameandika kwenye karatasi, na karatasi ina mhuri, na mimi mhuri nauogopa kuliko wewe!" Akamwangalia Bwana Chigwada aliyekaa kwenye kiti. "Mkuu, kaa vizuri, utavunja kiti cha marehemu. Hakumaliza hata kukikalia."

Kisha akainua mchi, akalenga. Na mikono yake ikaanza kutetemeka.

Alifanya vizuri sana. Mchi ulicheza kama mti kwenye mafuriko. Alilenga kuku, akalenga paa la jikoni, akalenga wachimba kaburi, nao wakajitupa chini kwa mzaha. Vijana walishika mbavu. "Ndugu yangu, simama!" Mafuratidze alilia kwa sauti ya mjomba. "Mbona mko watatu?"

Watu mia tatu walicheka. Mkaza mjomba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake mwenyewe pajani, imetulia.

Nilijua basi kwamba ndivyo itakavyokuwa. Watoto wa Nyarai wataambiwa hivi. Miaka hamsini baadaye mtu atamwaga chai na wenzake watamwambia, wewe ni Kapesa. Mimi nitakuwa na ufunguo wangu na mwandiko wangu mzuri, na yeye atakuwa mzee aliyemwona tembo mmoja akawa watatu.

Nikasimama. "Hakutetemeka," nilisema.

Mafuratidze akasimamisha mchi hewani. "Kuku mmoja."

"Nitamtoa. Hakutetemeka."

"Kuku wawili. Nyani leo anataka kumaliza banda." Watu wakacheka. "Si wewe uliyesema alitetemeka?"

"Mimi. Nilidanganya."

Kicheko kilikatika, kikaanzia mbele kikaenda nyuma. Nikaona mama yangu akishika mkono wa jirani yake. Nikasema yote. Nilisema za boksi lililochanika na za boksi jipya. Nilisema gogo la mopane na jinsi nilivyokataa. Nilisema nilivyozikuta kwenye fuvu, zote mbili, kwenye mstari.

"Ziko wapi?" Bwana Chigwada aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nilizitupa mtoni."

"Kwa hiyo hatuna cha kuona," akasema mwanamume mmoja. "Juzi alisema hivi, leo anasema vile. Tumwamini yupi?"

 Jibu nilikuwa nimelitupa kwa mkono wangu.

Mafuratidze alinitazama. Uchekeshaji ulikuwa umemtoka usoni, amebaki mzee aliyefiwa na rafiki, ndani ya koti lisilo lake. Akajikongoja mpaka mbele yangu kwa mwendo wa mjomba, akaukita mchi chini.

"Nipe zangu," alisema kwa sauti ya puani.

Sikuelewa. Akarudia. "Nipe zangu, za boksi lililochanika. Wewe si ndiye mwenye ufunguo? Jibu ulivyonijibu."

Basi nikajibu. Mbele ya watu wote, jeneza likiwa baina yetu na kaburi, nilisema nimezifuta, zimezeeka. Aliponiuliza juu ya tembo kumjia uso kwa uso, nilisema hatatujia. Aliponiambia tupige moja kwenye gogo, nilisema hapana, zikishafutwa zimefutwa. Niliyasema kwa sauti ile ile niliyoitumia ghalani, kwa sababu Mafuratidze alinirudisha mara mbili mpaka ikawa ile ile. Maneno yale yale, hewani na watu wanayasikia, yalikuwa ya mtu mpumbavu.

Akanyoosha kiganja. Nikaokota vipande viwili vya gunzi, nikampa. Akavipachika kwenye mchi, akageuka, akalenga vichaka vya upande wa mto.

Mikono ilitulia. Alikuwa na miaka sabini na mchi ule ni mzito, lakini aliushikilia hivyo mpaka watu wakaacha kukohoa. Mshipa ulimsimama shingoni. Kisha akaushusha taratibu, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jeneza.

"Ndivyo alivyokufa," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Anayetaka kumwiga, amwige hivyo."

Bwana Chigwada alininyooshea mkono, nikaufungua mnyororo shingoni, nikampa ufunguo.

Jeneza lilipofikishwa kaburini ilibaki kazi yangu. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayeshuka shimoni kumpokea mjomba wake na kumlaza vizuri. Nilisimama ukingoni, sikujua kama bado nina haki. Nikamtazama mkaza mjomba.

"Shuka," alisema. "Hana mpwa mwingine."

Nikavua viatu.

"Ukimaliza," akaongeza, na hakupaza sauti, "watu watakuja kwangu kunawa mikono na kula. Wewe nawa kwingine."

Nilishuka. Walimteremsha kwa kamba, nikampokea upande wa kichwa, nikamlaza. Nilikaa mle chini muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, mpaka mmoja wa wachimbaji akanigonga bega kwa mpini wa sepeto. Nilinawa kwenye pampu ya shule, nikasukuma mwenyewe kwa mkono mmoja na kunawa kwa mwingine, na kutoka kule kwa mjomba nikasikia wanaanza kugawa sadza, ugali wetu.